Kura Kabla ya Jibu: Namna ya Kufundisha Historia ya Sera ya Nje ya Marekani kwa Wanafunzi wa Darasa la Sita hadi la Nane

Siku ya kwanza ya somo hili huingia darasani na kipande cha kitambaa cha pamba, kizito, cheupe cha kufifia, kisichotiwa rangi wala maua. Nakipitisha mkono kwa mkono. Watoto wanakinusa, wanakivuta, wanauliza kama ni shuka la hospitali. Wakishamaliza, nawaambia kwamba nyumbani kwetu pwani wazee walikiita amerikani, wengine merikani, na kwamba jina hilo si bahati mbaya.

Katika miaka ya 1830 meli kutoka Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga Unguja na marobota ya kitambaa hiki, zikirudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said kwa niaba ya Marekani, ushuru wa bidhaa ukawekwa asilimia 5, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akafika Unguja kuwa balozi mdogo. Miaka mitatu baadaye Sayyid Said naye akapeleka meli yake, Sultana, chini ya nahodha Ahmad bin Na'aman, ikafika New York mwishoni mwa Aprili 1840. Mtoto wa miaka kumi na tatu aliyedhani sera ya nje ni mambo ya makombora na marais wenye suti anashangaa kusikia kwamba ilipita pia kwa mfanyabiashara wa nguo na karani wa forodha.

Mwongozo huu nauandika kwa walimu wenzangu wa Maarifa ya Jamii tunaofundisha hapa Marekani, na kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili wanaoketi mezani jioni na mtoto mwenye kazi ya nyumbani kuhusu Monroe au Truman wasijue pa kuanzia. Unafaa kwa wiki tatu au nne, vipindi vya dakika 45, watoto wa miaka 11 hadi 14.

Hatua ya kwanza: Punguza

Mwaka wangu wa kwanza nilijaribu kufundisha kila kitu, kuanzia 1776 hadi Iraki. Nilikuwa na orodha ya matamko, mikataba na vita, na watoto waliinakili vizuri. Mwezi mmoja baadaye hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini Marekani iliingia Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1917 baada ya kukaa pembeni tangu 1914. Walikuwa na tarehe, hawakuwa na sababu.

Sasa huchagua matukio sita tu, na kila moja liwe siku ambayo taifa lilisimama njia panda likaulizana: tuingie au tukae pembeni? Yangu ni haya: onyo la Washington mwaka 1796 pamoja na Tamko la Monroe la 1823, vita na Uhispania mwaka 1898, kura ya Seneti kuhusu Mkataba wa Versailles uliomaliza Vita vya Kwanza, 1919 na 1920, Tamko la Truman la kuzisaidia nchi zilizotishwa na ukomunisti na Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya, 1947 na 1948, makombora ya Kuba, Oktoba 1962, na Ghuba ya Tonkin, Agosti 1964. Ukiwa na wiki ya nne, ongeza la saba kutoka baada ya mwaka 2001. Ununuzi wa Louisiana, Alaska, Mfereji wa Panama na Pearl Harbor vyote vinaingia kwenye kamba ya matukio ukutani, kila kimoja kwa sentensi mbili, tunasonga mbele.

Kamba yenyewe iwe ya kweli, ya katani au ya nailoni, ipite darasa zima kutoka mlangoni hadi dirishani. Pima sentimita 3 kwa kila mwaka. Umbali kati ya 1833 na 1962 mtoto auone kwa macho na autembee kwa miguu.

Hatua ya pili: Onyesha nani ameshika kalamu

Kabla ya tukio lolote, tumia kipindi kimoja kueleza Katiba imegawaje madaraka haya. Wengi wanadhani rais anaamua peke yake. Chora visanduku vitatu ubaoni. Rais ni amiri jeshi mkuu, anateua mabalozi na kujadili mikataba. Seneti huridhia mkataba kwa theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Kongresi nzima, yaani Seneti na Baraza la Wawakilishi, ndiyo yenye mamlaka ya kutangaza vita na kutoa fedha.

Hapa irudishe meli ya Sultana, maana inafundisha jambo ambalo kitabu cha kiada hulipita haraka. Nahodha Ahmad alikuja na zawadi za Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wa Kiarabu. Van Buren hakuweza kuzichukua zikawa zake: Katiba inamkataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila ridhaa ya Kongresi. Suala likapelekwa Kongresi, na zawadi zikapokewa kwa niaba ya taifa. Waulize watoto: kwa nini watu walioandika Katiba waliogopa farasi? Waache wabishane dakika kumi. Jibu wanalifikia wenyewe, nawe huna haja ya kulisema.

Kisha wape swali la kwenda nalo nyumbani: Kongresi imetangaza vita rasmi katika vita vingapi? Wengi watakisia ishirini au zaidi. Ni vitano: 1812, 1846 dhidi ya Meksiko, 1898, Vita vya Kwanza na Vita vya Pili vya Dunia. Tangazo la mwisho ni la Juni 1942. Korea haimo, Vietnamu haimo, Iraki haimo. Mtoto akilishika hilo, somo la Tonkin litakuwa na uzito litakapofika.

Hatua ya tatu: Bandika maswali ukutani yasitoke

Andika kwenye karatasi ya manila, kwa herufi kubwa:

Wanataka nini?
Wanaogopa nini?
Nani atalipa gharama?
Yule wa ng'ambo ya pili analionaje?

La nne ndilo walimu hulisahau, hata mimi. Tamko la Monroe lilizionya dola za Ulaya zisije tena kutafuta makoloni Amerika. Ukilisoma ukiwa Washington, ni ngao. Lisome ukiwa Meksiko baada ya 1848, nchi hiyo ilipokwisha kupoteza zaidi ya nusu ya ardhi iliyoidai kuwa yake, ikaiachia Marekani upande wa kaskazini, na utauliza ngao ile ilimkinga nani. Mtoto mwenye umri wa miaka kumi na mbili anaweza kabisa kuyabeba mawazo haya mawili kwa pamoja. Wakubwa ndio huwa tunataka achague moja.

Hatua ya nne: Wapigishe kura kabla hawajajua mwisho

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote. Ukiwa na kipindi kimoja tu mwaka mzima, fanya hii peke yake.

Watoto wakishajua vita viliishaje, kila mmoja anakuwa na busara. Anasema "walikosea" kwa sauti ya mtu ambaye asingekosea kamwe. Kwa hiyo simulia kisa hadi asubuhi ya uamuzi, halafu funga mdomo. Dakika 10 za kusimulia, 15 za vikundi vya watu wanne wanne kujadili maswali ya ukutani, 5 za kura, 10 za kueleza kilichotokea, 5 za kila mmoja kuandika peke yake: kura yangu ilikuwa hii, sasa naonaje? Waambie wasifungue kitabu. Akiwepo anayejua jibu, na daima yupo mmoja, mpe kazi ya kuhesabu kura, maana usipompa kazi atawamwagia wenzake mchuzi.

Nieleze Tonkin kwa urefu, kwa sababu ndilo somo linalofanya kazi kuliko yote.

Simulia hivi. Ni Agosti 1964. Vietnamu imegawanyika, kaskazini iko chini ya wakomunisti, kusini inasaidiwa na Marekani. Tarehe 2 boti za kaskazini zimeishambulia manowari ya Marekani, Maddox, katika Ghuba ya Tonkin. Usiku wa tarehe 4 Rais Lyndon Johnson anatokea kwenye televisheni na kulitangazia taifa kwamba meli zimeshambuliwa tena. Anaiomba Kongresi impe idhini ya kuchukua hatua zote zinazohitajika. Ninyi ni Kongresi. Mnampa?

Nimeifanya miaka mingi, na karibu kila darasa hupitisha kwa kishindo. Ndivyo ilivyokuwa: Baraza la Wawakilishi 416 kwa 0, Seneti 88 kwa 2. Andika namba hizo ubaoni kando ya namba za darasa lako. Kisha taja majina ya wale wawili, Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska, waliosema kwamba Kongresi inamkabidhi rais mamlaka ya vita bila kutangaza vita. Baada ya hapo ndipo ueleze yaliyokuja kujulikana: shambulio la pili, lile la tarehe 4, halikutokea. Mabaharia walikuwa gizani, hali ya hewa mbaya, vyombo vya kusikiliza majini vikatoa sauti zilizodhaniwa ni torpido, na kabla ya usiku kuisha nahodha mwenyewe alikuwa ameshaanza kuwa na shaka. Marekani ikaingia katika vita vilivyoua wanajeshi wake zaidi ya 58,000 na Wavietnamu mamilioni. Mwaka 1973 Kongresi ikapitisha sheria ya kumbana rais kuhusu kupeleka majeshi vitani, licha ya kura ya turufu ya Rais Nixon.

Hapo darasa hunyamaza. Usilijaze lile kimya. Usiwaambie "mnaona?" Mtoto aliyeinua mkono wake dakika chache zilizopita anajua alichokifanya, na anachokiandika katika dakika zile tano za mwisho ndiyo maandishi bora utakayopata mwaka mzima.

Kura ya Versailles inataka hesabu, na hapo mwenzako wa Hisabati atafurahi. Rais Woodrow Wilson amerudi kutoka Paris na mkataba unaounda Shirikisho la Mataifa, umoja wa nchi wa kulinda amani. Seneta Henry Cabot Lodge anasema sawa, lakini tuweke masharti, ili tusiburutwe vitani na kura za wengine. Wilson hataki masharti. Gawa darasa sehemu tatu: wanaotaka mkataba kama ulivyo, wanaoutaka kwa masharti, na wasioutaka kabisa. Kama mna wanafunzi 30, zinahitajika kura 20. Utaona wanavyokwama, kwa sababu kila kundi linakataa cha mwenzake. Mwezi Machi 1920 waliokubali kwa masharti walikuwa 49, waliokataa 35. Waache wakokotoe theluthi mbili ya 84. Ni 56, zilipungua kura saba, na Marekani haikujiunga kamwe na Shirikisho ambalo rais wake ndiye aliyekuwa mpigania wake mkuu.

Kwa mwaka 1898 tumia magazeti. Manowari Maine ililipuka katika bandari ya Havana tarehe 15 Februari, mabaharia zaidi ya 250 wakafa, na magazeti ya New York yakainyooshea kidole Uhispania kabla ya uchunguzi kukamilika. Wape nusu ya darasa kichwa cha habari kinachochochea, nusu nyingine taarifa kavu ya tukio lilelile, halafu wapige kura kila upande peke yake. Baadaye eleza kwamba uchunguzi ulioongozwa na Admirali Hyman Rickover miaka ya 1970 ulielekea kwenye moto wa makaa ndani ya meli yenyewe. Usiishie Kuba. Kwa mkataba wa Desemba 1898 Marekani ilichukua Puerto Rico, Guam na Ufilipino, kwa Ufilipino ikailipa Uhispania dola milioni 20, na Wafilipino waliokuwa wameshajitangazia uhuru wakapigana nayo vita vya umwagaji damu mkubwa. Nchi iliyojikomboa kutoka kwa mfalme sasa ilikuwa na makoloni. Mark Twain na Andrew Carnegie walilipinga hilo hadharani, na watoto hupenda kujua kwamba hata wakati ule walikuwepo waliosema hapana.

Somo la makombora ya Usovieti huko Kuba linajiendesha lenyewe: siku 13, picha zilizopigwa na ndege ya ujasusi ya U-2, na orodha ya njia kadhaa mezani kwa Rais Kennedy, kuanzia kutofanya lolote hadi kuvamia. Kumbuka mambo mawili tu. Kwanza, kuizingira Kuba kuliitwa karantini kwa makusudi, kwa sababu kuzingira nchi kwa manowari ni tendo la vita kisheria. Neno moja lilinunua muda. Pili, waambie kuhusu ahadi ya siri ya kuondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Bila hiyo watoto hudhani Khrushchev, kiongozi wa Usovieti, alitishwa tu akakimbia.

Hatua ya tano: Karatasi ya asili, lakini kidogo

Kila tukio liwe na waraka mmoja wa wakati ule, usiozidi sentensi nne. Hotuba ya kuaga ya Washington ni ndefu na Kiingereza chake kinamtesa hata mwalimu. Chukua kipande kinachoonya dhidi ya miungano ya kudumu na mataifa ya nje, kisome kwa sauti mara mbili, kisha kila mtoto akiandike upya kama anamwambia mdogo wake. Wanaozungumza Kiswahili, Kisomali, Kihispania nyumbani waandike kwanza kwa lugha hiyo. Nimeona mtoto aliyekuwa kimya tangu Septemba akiandika kwa Kiswahili: "Usifunge ndoa na ugomvi wa jirani." Sikuweza kupata tafsiri bora ya mwaka 1796 kuliko hiyo.

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani inatoa bure nakala za barua, picha na hati, pamoja na karatasi za kumwongoza mwanafunzi kuzichambua. Anzia huko kabla ya kununua chochote.

Hatua ya sita: Ilete Afrika bila kuilazimisha

Katika madarasa yetu sasa wapo watoto wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na bara lao halina budi kuonekana kwenye ile kamba ukutani pale lilipokuwepo kweli. Lilikuwepo mara nyingi. Madini mengi ya urani yaliyotumika katika mradi wa bomu la atomiki wakati wa Vita vya Pili yalitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Baba wa mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akipita njia ile utotoni. Mtoto alipoona jina la mahali anapopajua baba yake limebandikwa jirani na Hiroshima, aliomba kulipiga picha ampelekee.

Mwaka 1959 Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipeleka ndege ya wanafunzi 81 kutoka Kenya kuja vyuo vya Marekani, na mwaka uliofuata, katikati ya uchaguzi, familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000 kuendeleza safari hizo. Wangari Maathai alikuja mwaka huo wa 1960. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la watu wa kujitolea, mwaka 1961. Mwaka huohuo wa 1961, mwezi Januari, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa Katanga, na kamati ya Seneti ilikuja kuthibitisha mwaka 1975 kwamba shirika la ujasusi la CIA lilikuwa limepanga njama ya kumwua kwa sumu, ingawa waliomwua hatimaye walikuwa wengine. Weka kadi hizi pamoja, shule na sumu, mwaka mmoja, rais anayekabidhi na anayepokea. Watoto watauliza inawezekanaje serikali moja ifanye yote mawili. Rudisha swali kwenye karatasi ya manila: wanaogopa nini?

Jambo moja la kuangalia sana: usimteue mtoto kuwa msemaji wa nchi aliyokimbia. Mtoto wa Kikongo asiambiwe acheze Lumumba, wala wa Kiafghani asiulizwe mbele ya wenzake vita vilikuwaje. Akitaka kusema atasema, na mara nyingi husema wiki mbili baadaye, mlangoni, wenzake wakiwa wameshatoka. Tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ziliposhambuliwa kwa mabomu na watu 224 wakauawa, wengi wao wakiwa raia wa kwetu, ni sehemu ya historia hii pia. Nyumba nyingine bado zina picha ya mtu ukutani kwa sababu ya siku hiyo. Waandikie wazazi barua kabla ya kuifikia.

Hatua ya saba: Pima kwa barua

Acha mtihani wa kuchagua herufi. Kila mwanafunzi avute kadi yenye tarehe moja kutoka kwenye kamba, aandike barua ya ukurasa mmoja kwa rais wa wakati huo akimshauri la kufanya, akitumia tu yale yaliyojulikana siku ile. Sahihisha kwa vitu vitatu: ametaja sababu mbili za kweli, amenukuu waraka mmoja sawasawa, na amelieleza oni la upande wa pili kwa namna ambayo wa upande huo angekubali kwamba ndivyo anavyosema. Cha tatu nakipa nusu ya alama zote.

Mwanafunzi akikuuliza wewe ungepiga kura gani, na kuhusu habari za jana usiku ataulizia pia, mwambie utamjibu barua yake ikishakusanywa. Kisha ikikusanywa, mjibu.